Kifaransa cha Bi Zaharia

Enzi zetu, msichana akishavunja ungo, mtaa ameuaga. Jana wacheza mdako na wenzio barazani, wanunua achari ya embe kwa Mhindi wa pembeni. Leo umetiwa ndani, na jua walionea dirishani. Mimi yalinifika mwisho wa vita vya Hitla, sukari ikiuzwa kwa kadi, tukikaa Mji wa Kale kwenye kichochoro chembamba, jirani akipiga chafya nawe wamwombea rehema. Skuli sikupelekwa. Nilihitimu msahafu chuoni, baba akasema yatosha.

Ruhusa moja tu nilibakishiwa: kuvaa buibui langu, nivuke kichochoro kwenda kwa Bi Zaharia kujifunza kushona kofia. Bi Zaharia alikuwa mjane wa Kingazija aliyekulia Bukini, kisiwa cha Wafaransa wakati huo, na huko walimsomesha. Kofia za vitobo zachosha macho, nyie mwazinunua tu hamjui. Basi ili tusisinzie, alinifundisha Kifaransa. Kila kitobo neno moja: zave manze, tu ave manze, il ave manze, nu zavion manze... Vitobo sita vikiisha, twaingia kitendo kingine.

"Maana yake nilikuwa nimekula, ulikuwa umekula," akanieleza. "Ni kwa jambo lililokwisha kabla ya jingine kuja. Mgeni alipobisha hodi, nilikuwa nimekula."

"Basi Wafaransa ni wachoyo, Bi!"

Alicheka hata akajidunga sindano.

Nilikipenda Kifaransa kile, nisiwafiche. Kupika, kufua, kunyamaza, vyote hivyo nilifundishwa kwa ajili ya mume ambaye hata hajapatikana. Hiki kilikuwa changu mimi. Na nilijua baba akipata habari, hata kile kichochoro sitakivuka tena.

Kosa langu ni moja. Nyumbani nilikidurusu kama tulivyozoea chuoni: nimekunja miguu mkekani, nayumba mbele na nyuma, na mahadhi yake juu. Shangazi Mwanakombo, dada mkubwa wa baba, akadhani ni dua. Kila nikimaliza, huitikia "Amina!" toka jikoni, kisha aniletea kaimati za moto. Ningemwambia? Kaimati zenyewe zilikuwa zachuruzika shira!

Ijumaa moja baba alikuwa na wageni, wanywa kahawa, na Maalim wetu wa chuo yumo. Shangazi kwa kujivunia akapaza sauti nyuma ya pazia: "Mtoto wetu ana dua mpya, ndugu yangu. Mwite awasomee!"

Baba akasema, "Haya, mwanangu, tusikizishe."

Nikasimama nyuma ya pazia. Nikaanza Yasini, nikijua nitaokoka. Shangazi akanifinya. "Si hiyo! Ile ya zave, ile yako nzuri!"

Nikaisoma. Nifanyeje? Nikaisoma yote, kwa mahadhi. Maalim akatua kikombe chake.

"Hii dua ya wapi?" Maalim akauliza.

"Si dua, Maalim. Ni Kifaransa. Kanifundisha Bi Zaharia."

"Na chasemaje?"

"Nilikuwa nimekula, ulikuwa umekula, alikuwa amekula..."

Maalim akacheka machozi yakamtoka. "Kumbe watu walikuwa wamekula, na sisi hapa twakaa na kahawa tupu!" Wageni wote wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Walipoondoka aliniambia neno moja tu: "Kofia utashonea humu ndani."

Nililia siku tatu. Wali waletwa, wali warudi jikoni vilevile. Siku ya tatu Shangazi akamsimamia baba mlangoni, mwiko mkononi.

"Mtoto kakosa nini? Aliyeitikia Amina ni mimi, miezi mizima. Ukimfunga yeye, nami nifunge. Haya, nifunge!"

Nani atamfunga dada yake mkubwa? Baba akakuna ndevu. "Basi huyo Mngazija na aje yeye. Nawe ukae papo hapo, usikize wasemayo."

Bi Zaharia akawa aja kila alasiri hata nilipoolewa. Shangazi alikaa na uteo wake akichagua mchele, na haukupita mwezi akawa ndiye anirekebishaye: "Nu zavion, ewe mpumbavu! Nu zavion!"

Leo mjukuu wangu, huko Nyali, kaletewa mwalimu wa Kifaransa mpaka nyumbani. Feni juu ya kichwa, maji ya matunda kando, na mamake ambembeleza kama mgonjwa anyweshwaye uji. Juzi niliketi hapo nikamsomea ile manze yote, sikukwama hata mahali pamoja, mwalimu akaniuliza nilisoma skuli gani. Mjukuu alinitazama kidogo, akarudi kwenye simu yake.

Mfaransa sijapata kumwona kwa macho yangu, na Bi Zaharia na Shangazi wametangulia, Mola awarehemu. Siwatakii wajukuu zangu kufungiwa kama tulivyofungiwa, hata kidogo. Na watoke, waione dunia. Ila nawauliza: katika yote haya mliyofunguliwa, lipo hata moja mngelililia siku tatu, wali mmeususa?