Jina Nililoshindwa Kulitaja Mbele ya Mwenyekiti

Nakumbuka mchana mmoja kule Masaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, mwanangu, jua kali mpaka kuku wamenyamaza. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa. Nimetoka kwetu Tororo, Mjopadhola, nimeletwa kwa Wasamia, bado napima kila neno kabla halijanitoka. Mimi na jirani yangu Nekesa, mke wa Wandera, tulikuwa tumeinama kwenye mwamba tunaanika muhogo.

Mbwa alikuja bila kubweka. Ndilo lililonishtua kwanza. Alikuja moja kwa moja, kichwa chini, kama aliyeitwa na mtu tusiyemwona. Alipita katikati ya kuku asiwatazame. Mate yalining'inia kinywani mwake kama uzi. Akafika kwa Nekesa, akamuuma kwenye shavu la mguu, akamwachia, akaendelea na safari yake kwa mwendo uleule. Hakukimbia. Nekesa akaushika mguu wake.

Kisha akasema, "We Athieno, huyo si Askari?"

Alikuwa Askari, mbwa wa baba mkwe wangu, Mzee Egesa.

Nakuambia haya wewe, Taaka, mjukuu wangu, kwa sababu jana ulikuja hapa na kitambaa mguuni, ukaniambia umekwaruzwa na seng'enge. Nilikuangalia ulipokuwa unakibadilisha. Seng'enge haiachi vitundu viwili juu na viwili chini. Lakini nilitaka kwanza nikusimulie. Sikiliza mpaka mwisho, halafu utanijibu.

Siku zile, mtu akiumwa na mbwa, dawa ilikuwa manyoya ya mbwa yuleyule. Yanakatwa, yanachomwa, majivu yanapakwa kwenye kidonda. Na mwenye mbwa akishatoa manyoya, maneno yamekwisha, hakuna tena kudaiana. Basi nikatumwa mimi kuyaleta, kwa kuwa mbwa alikuwa wa mji wetu.

Nilimkuta Mzee Egesa nyuma ya ghala. Nikapiga magoti. Unajua mkamwana wa wakati ule hakumtazama baba mkwe usoni, na jina lake hakulitaja kabisa, hata akiwa peke yake shambani. Kwa hiyo uso wake sikuuona siku ile. Niliona mikono. Mkono mmoja ulikuwa na wembe. Wa pili ulikuwa na kitambaa kwenye kidole gumba, na damu ilikuwa mbichi.

Askari alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani, karibu na beseni la maji. Bata akaja akatia mdomo ndani ya beseni, maji yakatikisika. Mwanangu, yule mbwa alijirusha nyuma kana kwamba amemwagiwa moto, akatoa sauti. Haikuwa ya mbwa. Ilianza kama kubweka, ikakatika katikati, ikamalizika kama mtu anayejaribu kuita na koo limefunga. Mpaka leo nikisikia mtu amepaliwa, ngozi inanisisimka.

Mzee akaniwekea manyoya kiganjani. Akasema, "Mkamwana, peleka. Na mbwa hapa hujaona."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Maneno mawili tu. Nimeyabeba miaka yote hii.

Kesho yake kamba ilikuwa tupu. Tukasikia kwamba mbwa ameuawa na kutupwa kwenye kijito cha mpaka. Nani alimuua, hakuna aliyesema. Lakini Nekesa hakuwa mtu wa kuridhika na majivu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Makokha, mguu umevimba, akasema anataka kupelekwa hospitali kubwa Tororo, na mwenye mbwa ndiye agharamie.

Tuliitwa sote barazani kwake. Makokha akauliza wazi, "Mzee, Askari ni mbwa wako au si wako?"

Mzee Egesa akacheka kidogo. "Askari wangu alipotea zamani. Hiyo iliyouma ni mbwa ya Kenya. Zinavuka hapa kila siku, nani anaziuliza kipande cha kuvukia?"

Watu wakacheka. Hata Wandera, mume wa Nekesa, alitabasamu kwa aibu. Nekesa hakucheka.

"Mbwa ya Kenya iliyofungwa kwa kamba yako?" akasema. "Muulizeni Athieno. Ndiye aliyeleta manyoya."

Makokha akanigeukia. Alikuwa mtu mpole. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto: sheria inasema mtu akiumwa, mwenye mbwa anabeba matibabu na hasara, na mbwa anafungwa siku kumi aangaliwe, si kuuawa kienyeji. Lakini lazima mwenyewe ajulikane. Akauliza, "Basi tuambie. Manyoya uliyatoa kwa nani?"

Jina lilikuja mpaka kwenye meno. Naapa, lilifika. Nikaangalia chini, kama nilivyozoea, na hapo chini nikauona ule mkono juu ya goti, kitambaa bado kipo, kimebadilika rangi. Kidole kilikuwa kinajikuna chenyewe kwenye kitambaa, taratibu, kama hakikujua kinatazamwa.

Nikasema, "Sijui."

Nekesa aliinuka. "Haya, mama mwenye adabu," akaniambia, "ukae na adabu yako." Akaondoka akichechemea.

Kwa kuwa mbwa hakuwa na mwenyewe, kesi haikuwepo. Wandera aliuza mtamba wao wa pekee akampeleka mkewe Tororo kwa baiskeli, safari baada ya safari, mpaka sindano zikaisha. Daktari alimuuliza, je, huyo mbwa alimuuma mtu mwingine? Nekesa akajibu kwamba hajui. Alisema kweli. Aliyejua ni mimi.

Muhogo ukaanikwa, ukasagwa, mvua zikaja. Nikaanza kufikiri yamepita. Asubuhi moja mama mkwe wangu, Nabwire, akaniita niende na maji ya kunywa ya Mzee, anaumwa. Nilipofika mlangoni tu, kabla sijaingia, nikasikia ile sauti. Ileile ya nyuma ya ghala, inaanza, inakatika katikati. Safari hii ilitoka ndani ya nyumba.

Watu walisema baadaye kwamba alibweka. Waongo. Hakubweka. Ilikuwa kiu, mwanangu. Alikuwa na kiu, na kila alipoona kikombe koo lilijifunga na mwili wote ukaruka. Hata upepo wa mlango ulimtesa. Nilisimama na maji yangu, akaniashiria niyaweke nje.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mzee aliyemfanyia mkamwana. Akaniita kwa jina.

"Athieno. Inua macho."

Nikainua. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake, na ulikuwa uso wa mtu anayeogopa.

"Ulikiona kidole changu?"

"Nilikiona, Baba."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

Akapumua kwa shida. "Mimi nilificha, maana ningeonyesha kidole ningekubali mbwa ni wangu. Nilikuwa mjinga kwa ajili ya mali yangu. Wewe ulinyamaza kwa ajili ya nini?"

"Nilikuheshimu, Baba."

"Ungenitaja," akasema. "Ungenitaja mbele yao wote, ningekasirika. Ningekuwa nimekasirika mpaka leo."

Hakuvuka siku ya tatu. Nekesa alikuja matangani na ule mguu wake wenye kovu, akasaga unga pamoja na wanawake wengine, lakini mimi hakunisalimia. Ilichukua miaka, na mimi sikumlaumu.

Sasa nisikilize vizuri, Taaka. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, kama wa kusonga ugali mpaka uive. Achana na majivu na manyoya. Siku hiyohiyo uende hospitali, na wakikwambia urudi kwa sindano nyingine, urudi. Uende kwa mwenyekiti na polisi, uandikishe. Mbwa asiuawe ovyo, afungwe aangaliwe. Na mwenye mbwa atajwe, kwa sababu matibabu yako ni haki yako, na mzigo ni wake. Kumtaja si kumtukana. Na yeye pia ana mikono, ana watoto wanaocheza na mbwa huyo.

Najua kwa nini ulisema seng'enge. Mahari inaletwa mwezi ujao, na mbwa huyo analinda geti la mtu utakayemwita baba. Unaona aibu kuingia katika mji wa watu na kesi mkononi. Mimi niliingia na adabu, mwanangu, na adabu ile ilimzika mzee wa mji.

Kwa hiyo vaa viatu. Hospitali kwanza, halafu tunakwenda kwa mwenyekiti wao kule Malaba, mimi na wewe. Wakikuuliza na jina likakwama kwenye meno, nishike mkono tu, nitalitaja mimi: Emoit, anayeuza magunia pale karibu na reli. Mimi jina la mtu silisahau.

Mungu akupe ndoa yenye amani na wakwe wenye masikio. Akupe uzee mrefu kuliko wangu. Na kila siku ya uzee huo, ukiletewa kikombe cha maji, ukione, ukitamani, ukinywe chote.