Mtamba Mwekundu wa Ng'ombe Mweusi

Nilipokuwa kidato cha tatu, baba alikaribia kumpeleka rafiki yake kwa sungusungu, walinzi wa kijiji, kwa sababu ya rangi ya ndama.

Sisi Wasukuma tuna desturi ya kubilisa: unampa mwenzako ng'ombe amtunze, yeye anakunywa maziwa, ndama anabaki wako. Baba alikuwa amempa rafiki yake wa Kasokola ng'ombe mweusi tii. Mwaka wa pili rafiki akamrudisha pamoja na mtamba aliyemzaa, na mtamba alikuwa mwekundu. Dume lililompanda, la huyo rafiki, nalo lilikuwa jeusi. Baba akasema wazi, mbele ya majirani wawili, kwamba ndama wake kabadilishwa, na kwamba kesi itaenda kwa sungusungu.

Nilikuwa likizo. Mimi ni mtu wa aibu. Hata darasani nilikuwa najibu nikiangalia dawati. Lakini jambo hili nilikuwa nalijua kuliko wote pale zizini. Majirani walipoondoka, nikasema rangi haitoshi kumwita mtu mwizi.

Baba akaniuliza kama shule inafundisha na uchungaji siku hizi.

Nikamwambia kila ng'ombe ana mbegu mbili za rangi, moja ya mama, moja ya baba. Alizobeba zote mbili ndizo jenotaipu. Rangi tunayoiona ndiyo fenotaipu. Nyeusi ikikutana na nyekundu, nyeusi ndiyo inaonekana, lakini nyekundu haijaenda popote. Wazazi wote wawili wakiwa wameibeba, ndama anaweza kupata nyekundu mbili, akawa mwekundu.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu ni mwekundu kavaa koti jeusi?"

"Hapana baba. Ni mweusi kweli. Ila mama yake alikuwa rangi gani?"

Mama yangu ndiye aliyejibu, akiwa amebeba ndoo: alikuwa mwekundu, na baba mwenyewe ndiye aliyemnunua.

Nikamgeukia yule rafiki, nikamwita baba mdogo, nikamuuliza kama dume lake limewahi kuzaa wekundu. Akasema wawili, na mama zao ni ng'ombe zake mwenyewe, weusi pia.

"Sasa mbona ulinyamaza?" baba akauliza.

"Hukuniuliza. Uliniita mwizi."

Niseme ukweli, hesabu yangu haikuthibitisha kwamba mtamba ni yuleyule aliyezaliwa na ng'ombe wetu. Ilionyesha tu kwamba baba hakuwa na ushahidi. Kwangu hiyo ilitosha, na nikaona kwake pia imetosha, maana alifungua kamba ya ng'ombe mweusi akamwambia rafiki amrudishe ng'ombe kwake, waendelee kama zamani.

Rafiki hakuishika kamba. Akasema aliitwa mwizi mbele za watu, basi asafishwe mbele za watu haohao.

Baba akanituma nikawaite wale majirani wawili. Nilikwenda mbio. Walipofika, aliwaambia amekosea, na aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kumshtaki. Ndipo rafiki yake akaipokea kamba.