Kusema Mara Mbili kwenye Fonii

Kwenye fonii kila jambo lilisemwa mara mbili. Fonii ilikuwa redio ya kuzungumzia, ndogo kama sanduku la viatu, na katika miaka ile ya vita vya Kongo ndiyo iliyowaunganisha watu wa Kamembe, mji wetu wa mpakani, na ndugu zao waliokwama msituni, ng'ambo ya mpaka. Unasema, "Mama amepona, mama amepona," unaachia kitufe, kisha unangoja ule mvumo wa spika ugeuke kuwa mtu. Mara ya kwanza maneno hupotea njiani. Mara ya pili hufika.

Mimi nilifika pale kwa mzunguko wangu wa kawaida. Shule niliiacha darasa la tano. Nilibeba magunia Ruhwa, nikalima mashamba ya watu Nyakarenzo, nikavua sambaza, dagaa wa ziwani, usiku kucha kule Nkombo mpaka nikachoka kulala mchana. Mwenye fonii, Mzee mmoja Mwislamu ambaye pia alikuwa fundi wa redio, alinizoea mlangoni kwake nikichungulia.

"Weye, kama unaangalia hivyo, heri ushike bisibisi," akasema.

Nikashika. Barua yake ya ruhusa ilining'inia ukutani ndani ya kioo, na askari waliingia mara kwa mara kuisoma, kana kwamba maneno yake yangebadilika.

Siku moja katikati ya wiki, betri ndogo iliyokuwa ndani ya redio ilikufa kwa uzee, na masafa yote yaliyohifadhiwa humo yakafutika. Redio ile haikuwa ya kuzungusha kitufe na kutafuta kituo. Masafa yake yaliwekwa kwa kompyuta, kwa programu maalumu, na sisi hatukuwa nayo.

Maman aliyeuza vitenge sokoni, mtu wa Bukavu, alitukuta tumeifungua mezani.

"Dimanshi njo siku yangu," alisema, yaani Jumapili. "Mudogo yangu anatembea siku mbili juu afike ku fonii ya kule. Akiita na hakuna muntu, atasema nilikufa. Ataingia tena mu pori, na mimi sitamuona."

"Redio imesahau kila kitu, Maman," Mzee akajibu. "Hata jina yangu."

"Basi muikumbushe! Ao humu munapika chai tu?"

Daraja la kwenda Bukavu lilikuwa limefungwa wiki ile, kwa hiyo fonii za kule hazikuwa msaada. Nilikwenda kwenye saiba, duka la intaneti, ile moja ya Kamembe, ambako dada aliyeisimamia aliniachia kompyuta ya pembeni. Nilipenda kukaa pale hata bila shida yoyote. Nilitafuta kwa jina la redio yetu, nikaangukia ukurasa wa chama cha wapenzi wa redio, watu wa nchi za mbali walioandika kwa Kifaransa. Programu walikuwa nayo, lakini imewekwa kwenye hifadhi yao ya mafaili, na hifadhi ilifunguliwa kwa wanachama peke yao. Anayetaka kuingia aandike kwanza: ni nani, ana kituo gani, anataka nini.

Nilirudi kumuuliza Mzee namna ya kuandika kwa watu wasionijua.

"Namna unaita batu kwenye fonii," akasema. "Salimia kwanza bote benye kusikiliza."

Ndivyo nilivyofanya. Niliwasalimu wote, niliwasalimu wote. Nikaeleza redio yetu, nikaeleza tena. Nikamtaja Maman na mdogo wake aliye njiani, mara mbili. Kifaransa changu kilikuwa cha kuokota, lakini nilikiokota kila mahali. Dada wa saiba alisoma juu ya bega langu, akacheka mpaka akashika meza.

"Sasa weye, huyu muntu anasoma na macho! Kwa nini unamurudilia kama kiziwi?"

"Hii inaenda mbali kuliko msitu," nikamwambia. "Nani anajua kama itafika yote?"

Sikuwa natania. Niliamini kwamba huko njiani barua nayo humwaga maneno.

Ijumaa hapakuwa na jibu. Maman alipita mara nyingi siku ile, kila mara akijifanya anakwenda kwingine. Jumamosi asubuhi jibu likaja. Lilianza hivi: "Nimekusikia vizuri. Nimekusikia vizuri." Chini yake palikuwa na neno la siri la kuingilia, limeandikwa mara mbili, na ombi moja: tukishampata ndugu wa Maman, tuwaambie.

"Kumbe viziwi bako bawili," dada akasema, akanisogezea kiti.

Faili ilikuwa ndogo. Laini ilikatika, tukaanza upya, ikakatika tena, mwishowe programu ikaingia pamoja na mchoro wa waya wa kuunganisha redio na kompyuta. Mzee akauchomelea waya ule. Tukaisukuma redio kwa toroli hadi saiba, pamoja na betri ya gari, dada akipiga kelele tusimwage asidi kwenye sakafu yake. Mzee alitaja masafa kwa kichwa, mimi nikayaandika. Jioni redio iliita Bukavu, na Bukavu ikaitika.

Jumapili Maman alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na kukaa mbele ya kipaza sauti, mkoba mapajani. Mvumo ulikuwa mwingi. Kisha ndani yake mtu akasema, "Niko muzima, niko muzima."

Maman akakiinamia kipaza sauti. Mzee akambonyezea kitufe.

"Ulikonda?" Maman akauliza.

"Mara mbili, Maman!" watu waliongoja zamu yao kwenye foleni wakapaza sauti.

"Ulikonda? Ulikonda?" Sasa alikuwa analia na kucheka.

"Kidogo, kidogo."

Kesho yake nilirudi saiba. Niliwasalimu wanachama wote, nikawaambia amepatikana, amepatikana. Nikaongeza kwamba amekonda kidogo. Hilo pia nililirudia.