Kitambaa cha Kaluki Kisichokua

Jumamosi hiyo moyo ulinidunda tangu asubuhi kwa sababu ya Kaluki, jirani yangu hapa mtaani Mbotela. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye chama chetu cha kroshia, tunakofuma vitambaa vya makochi katika chumba cha nyuma cha kanisa. Sasa walikuwa karibu kumtoa.

Kisa ni Musau, mwanawe wa miaka mitatu. Yule mtoto ana sauti, jamani! Aliimba katikati ya sala, akagonga meza, akalia mpaka watu wakapotewa na hesabu ya mishono. Mwenyekiti wetu, Mama Luseno, hana mchezo.

"Watoto tunawapenda," alimwonya Kaluki siku moja. "Lakini huyu akitupigia kelele tena, Mama Musau, utabaki naye nyumbani."

Kaluki hana wa kumwachia. Jumamosi hiyo alinishika mkono njiani. "Mama Frankline, wiki nzima ni mimi na mtoto tu. Wakinitoa, nitaongea na nani? Na kuta?" Nikamwambia asijali. Uongo mtupu, maana mimi mwenyewe niliogopa.

Ajabu ni kwamba tangu lile onyo Musau alikuwa ananyamaza. Akifika, anaingia chini ya meza, kimya. Nyinyi mliolea mnajua, mtoto akinyamaza hivyo ndipo uogope.

Na ilikuwa siku ya kutandika. Kila mwisho wa mwezi tunatandika mezani tulivyofuma, Mwenyekiti anapita akikagua. Chake mwenyewe kilikuwa cha kochi kubwa, maua kila mahali, unaogopa hata kukigusa. Akafika kwa Kaluki. Kitambaa chake kingefunika kikombe tu.

"Mwezi uliopita kilikuwa hivi hivi," Mama Luseno akasema. "Wewe unakuja kufuma ama kupiga domo?"

Watu wakacheka. Kaluki akaanza kukusanya vitu vyake, machozi yakimlengalenga. Niliwakasirikia, hata yeye akanikasirisha. Si usiku namwona kupitia dirisha akifuma bila kuinua kichwa? Hiyo kazi inaenda wapi? Nikainama chini ya meza kuangalia kama ameiangusha.

Musau alikuwa ameketi sakafuni, uzi umemjaa mapajani, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa. Mkononi alikuwa na kitambaa kingine, kizuri ajabu, robo tu imebaki, anavuta taratibu akitabasamu.

"Kaluki! Anakifumua!"

"Najua," akasema kwa sauti ndogo. "Ndicho kinachomnyamazisha. Nafuma wiki nzima, nikija hapa nampa avute."

Wui! Hasira zikanipanda. Nikamnyang'anya mtoto kile kitambaa, nikakibwaga mezani na uzi wake wote. "Kazi yake hii hapa! Kagueni basi!"

Hakuna aliyecheka tena. Lakini Musau, kuona kanyang'anywa, akaangua kilio ambacho nadhani kilifika Jogoo Road. Kaluki akafumba macho. Mimi nikajua nimemwangamiza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama Luseno akachukua kile kitambaa chake cha maua, akakata fundo kwa meno, akainama polepole na magoti yake mabovu mpaka chini.

"Shika, baba," akamwambia Musau, akimpa ncha ya uzi. "Vuta."

Mtoto akanyamaza, akavuta.