Fimbo Yenye Chapa Moja

Sisi tunaoishi chini ya mlima Fuji tunamjua Horiuchi Tamotsu kwa mikono yake. Uso wake wengi hawaukumbuki, na yeye nyuso zetu ndiyo hazijui kabisa. Miaka thelathini na tisa alikaa mbele ya moto katika kibanda chake cha kituo cha saba, akizitia chapa, kwa malipo kidogo, fimbo za wanaokwenda kileleni kuhiji. Chuma kinatolewa motoni, kinakandamizwa kwenye mti, moshi unafuka, basi. Haya, fimbo nyingine! Kiangazi kizima watu wanapita kwa mamia, yeye kainamisha kichwa.

Na majivuno je? Weee! "Nipe fimbo tu, nikwambie mwenyewe kalala wapi na kachokea wapi," alikuwa akitamba. Na alijua kweli, maana kila kibanda cha njiani kina chapa yake, na aliyechoka hakipiti kibanda bila kukaa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Chizuru. Tangu ana miaka kumi alikuwa anakishika chuma kile, na sisemi uongo, mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa baba yake. Alipofika miaka ishirini na mbili akasema waziwazi, "Baba, siku ukichoka, kibanda niachie mimi."

Tamotsu akacheka. "Wewe? Tangu lini moto wa mlimani ukakaliwa na mwanamke? Babu yako atafufuka! Kibanda nitampa binamu yako."

"Binamu? Hata ndoo ya maji inamshinda!"

"Atajifunza. Si ni mwanamume?"

Chizuru hakulia wala hakugombana. Alimaliza msimu, akafua mashuka ya wageni yote, akashuka, akapanda treni kwenda Numazu, mji wa pwani. Miaka kumi na moja hakurudi. Binamu naye alidumu misimu miwili, akaona baridi ya kule juu si mchezo, akaenda zake kuuza magari.

Mama mtu, Mitsue, magoti yalishamkatalia kupanda, kwa hiyo kila kiangazi alibaki chini mjini. Kila mwaka alimwambia mumewe, "Baba Chizuru, mwandikie mtoto. Neno moja tu."

"Kwao anapajua," Tamotsu alijibu. "Akitaka atakuja."

Kichwa kigumu, jamani! Na huku kila msimu ukifunguliwa alitandika godoro moja la ziada kwenye kona ya joto, akidai ni la mgeni. Vibanda vingine vilifurika, watu wakilala wamekaa, lakini juu ya godoro lile hakulazwa mgeni hata siku moja.

Mwaka jana mwezi wa tisa alifunga kibanda akashuka kama kawaida. Mchana ule Mitsue alimpikia tambi nene na boga, na Tamotsu, tumbo likianza kupata joto, akaanza hadithi zake za mlimani.

"Mwaka huu nimeona kioja! Mtu kaja na fimbo tupu, haina hata chapa moja. Kapita vibanda vyote vya chini kama havioni! Wapishi wa kibandani nusura wafe kwa kucheka niliposimulia. Nikamwambia, 'Ama kweli wewe bahili. Haya, sogea, unawazuia wenzako.'"

Mitsue akaweka vijiti vyake chini. "Mwezi wa saba? Siku ya mvua?"

"Umejuaje?"

"Mume wangu, yule alikuwa Chizuru."

Tamotsu alibaki mdomo wazi, tambi zikimning'inia. Mitsue akaleta barua. Ilifika mwezi wa nane, na ndani yake mtoto aliandika kwamba mwezi wa saba, siku ya mvua, amekwenda kwa baba yake na fimbo tupu, na baba amemkataa. Mwezi mzima Mitsue alikuwa na donge moyoni, akingoja mumewe ashuke amwambie kisa.

"Nilidhani umemfukuza kwa kusudi," akasema. "Kumbe hata kumtazama hukumtazama."

Kesho yake asubuhi Tamotsu alikuwa Numazu. Chizuru alifungua mlango akiwa amevaa aproni ya kazini, mikono inanuka samaki wa kukausha. Hakushtuka. Aliinama kwa adabu, kama unavyomwinamia mzee usiyemjua.

"Sikukujua, mwanangu," Tamotsu akasema palepale mlangoni, bila hata salamu. "Nilitazama fimbo. Ndivyo nilivyozoea, mjinga mimi! Mbona hukusema neno?"

"Nilisema, baba."

"Ulisema nini?"

"Niliingia nikasema, 'Nimerudi.'"

Kwetu sisi neno hilo halisemwi ovyo. Mtu husema akiingia kwao, na waliomo ndani humjibu, "Karibu nyumbani." Miaka thelathini na tisa, hakuna hujaji hata mmoja aliyeingia kibanda kile na neno hilo. Hata aliyelala usingizi angeshtuka.

"Sikutaka chapa ya mtu mwingine kwenye fimbo yangu," Chizuru akaendelea. "Na kazi hii nilikuwa nimeshaiacha, nguo zangu zote ziko mgongoni. Nilijiambia, akinijibu tu, sishuki tena. Ukaitia fimbo chapa yako, ukanirudishia, ukasema nisogee. Nikasogea."

Tamotsu aliinua kichwa akamtazama. Binti alikuwa na mvi mbili tatu juu ya sikio, na kovu dogo kidevuni ambalo baba hakujua amelipata lini. Machozi yakamtoka mzee wa watu, hakuyafuta. Alijuta hata akakosa pa kuweka mikono.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema.

Chizuru akatikisa kichwa polepole.

"Hapa ndipo nyumbani kwangu, baba. Vua viatu uingie, nina nusu saa kabla ya kurudi kazini."