Sahani Mbili za Maharagi Kabla ya Picha ya Tumbo

Habari ya kifo cha kaka yangu nimeisimulia mara nyingi, na ya uasi pia, lakini hii ya tumbo langu nimeificha miaka mingi, kwa sababu kila nikiikumbuka masikio yananiwaka. Basi leo naisema mwenyewe jinsi ilivyokuwa, maana dada yangu Kavira ameanza kuisimulia kwenye harusi za watu, na yeye akisimulia anaongeza.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru. Waasi walikuwa wamepita Butembo na Beni wakaondoka, askari wa serikali wamerudi, lakini barabara ilikuwa haijatulia. Kaka yangu Kambale alikuwa na miezi minne kaburini. Alianza kwa kutoka damu chooni, tumbo likavimba, mwili ukaisha mpaka pete ya ndoa ikawa inamwanguka kidoleni, na hatukuweza kumfikisha penye mashine kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Tulimzika bila kujua amekufa na nini. Na kwetu mtu akifa kwa tumbo watu hawaulizi ni ugonjwa gani, wanauliza alikula kwa nani. Kambale, kabla ya kuanza kuumwa, alikuwa amekula Beni, mtaa wa Beu, kwa mama mkwe wake, Mama Katungu. Hakuna aliyelitamka neno sumu mbele ya watu. Mimi pia sikulitamka, lakini sitawadanganya, niliwaza.

Sasa mimi nami nikaona damu. Mara ya kwanza nikanyamaza, ya pili nikasema ni pilipili, ya tatu nikamwambia mke wangu, naye akatua sufuria chini akawatazama watoto (watano wetu, na watatu wa Kambale). Zahanati ya Butembo wakanipa barua niende hospitali moja upande wa Beni, yenye mashine ya radio, si ile ya kusikiliza habari, ile ya kupiga picha ndani ya mwili. Wakanieleza vizuri kabisa, hilo siwezi kuwalaumu: siku ya kutangulia picha nikunywe chupa ya mafuta ya mbarika tumbo lioshwe lote, kisha nisile kitu, maji tu, kwa sababu watatia maji meupe mazito kama chokaa kwa nyuma (ndiyo, kwa nyuma, mmesikia vizuri), na yale meupe yakijaza utumbo mashine inaona umbo lake na kama kuna kitu kimeota ndani.

Siku ya Mungu, Jumapili, alfajiri nikakunywa mafuta. Yaliyofuata nawaachia wenyewe, ila saa sita nilikuwa mwepesi kama jani kavu la mgomba. Nikapanda camion, lori la mizigo, mpaka Beni. Na Beni nilijua nyumba moja tu ya kulala, ya Mama Katungu, na kwenda kulala kwingine ingekuwa sawa na kutangaza mbele ya watu kile nilichokuwa nawaza.

Tangu maziko, mimi nilikuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuingia kwake. Jua lilikuwa bado juu. Majirani wakaja kusalimia, wakakaa, hawakuondoka, na nikaelewa wamekuja kutazama kama mkono wangu utagusa chakula. Mama Katungu akaleta bugali na sufuria nzima ya maharagi, akakaa mbele yangu. Ningeweza kusema, mama, docta amenikataza kula, na ingekuwa kweli tupu. Lakini yule anayeogopa sumu huwa anasema nini? Anasema tumbo linamuuma. Kwa hiyo nikamega tonge moja. Moja tu, nilijiambia.

Mama Katungu akasema pole pole, "Baba, unakula sawa mutu anaogopa."

Nikacheka (cheko gani lile, majirani wote waliliona lilivyo), nikamaliza sahani, na kwa sababu moyoni nilikuwa kweli naogopa, nikaomba ya pili ili nisionekane. Nikalala nikijiambia kwamba tumbo tupu namna ile, sahani mbili zitapotea ndani yake zisionekane.

Jumatatu asubuhi nikakuta benchi imejaa. Mashine ilikuwa inahitaji moteri ya umeme, moteri inahitaji mazuti, yaani dizeli, na mazuti katika siku zile ilikuwa ya shida, kwa hiyo waliiwasha Jumatatu na Alhamisi tu, na walikuwepo watu waliotoka Mabalako kwa miguu kungoja siku hiyo. Docta alikuwa kijana kutoka Kasai, aliyetumwa huku na serikali, mpole, anasema Kiswahili kama mtu anayekanyaga mawe mtoni. Akauliza, "Papa, ulikula kitu?"

Nikatazama benchi, nikaona nikisema ndiyo nitarudishwa, na damu yangu itangoja mpaka Alhamisi. Nikajibu, "Docta, mafuta nilikunywa yote." Ilikuwa kweli. Halikuwa jibu la kile alichouliza, lakini ilikuwa kweli, naye akaandika.

Wakanilaza mezani na ile nguo iliyo wazi mgongoni. Mtu wa mashine alikuwa mzee kutoka Équateur, wote wakimwita Papa Infirmier, yaani Baba Mwuguzi, na alipokuwa anaingiza yale maji meupe alikuwa kama ananiimbia, "Kanga, papa, kanga, usiachie, funga kabisa." Nikafunga. Nikafunga kwa meno, kwa macho, kwa vidole vya miguu. Wakapiga picha nne. Lakini tumbo lenye maharagi halipokei amri ya mtu, na Papa Infirmier alipoinama kunigeuza kwa ile ya tano, mrija wa yale maji ukaruka. Nyeupe ikaenda mezani, ikaenda kwenye viatu vyake, ikapita chini ya mlango mpaka kwenye benchi, na nikasikia askari mmoja mwenye mkono uliovunjika akiwauliza wenzake, "Batu ba hapa banapaka nyumba rangi na batu ndani?"

Nilifikiri aibu imekwisha hapo. Nilikuwa najidanganya.

Docta akapachika picha kwenye kioo cha dirisha, akazitazama. Akanionyesha utumbo, mweupe, na ndani yake vitu vya mviringo, vyeusi, vingi, vimeshikana. "Hii, na hii, na hii," akasema. Akauliza kama katika ukoo kuna aliyekufa kwa tumbo, nikamwambia habari za Kambale, akainamisha kichwa. Akasema inafanana na ugonjwa mbaya, na kunipeleka hospitali kubwa haiwezekani kwa sababu ya barabara, basi Alhamisi atanifungua tumbo mwenyewe.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Niliona haya kwa ajili ya picha na mazuti waliyoteketeza juu yangu, hiyo ni kweli. Lakini kweli kubwa ni kwamba nilimwamini. Tangu kumzika Kambale nilikuwa nangoja mtu aniambie ni zamu yangu, na alipotokea wa kuniambia, maharagi yalinitoka kabisa akilini.

Wakanipa kitanda. Dereva wa camion iliyonileta alipita kunisalimia, akasikia yote, hata nilikula kwa nani, akaondoka mchana uleule na mzigo wake kwenda kusini. Butembo alisema nitapasuliwa. Habari ilipofika Kirumba, anakokaa Kavira, nilikuwa nimekwisha kupasuliwa na nimekufa.

Jumatano mchana, Mama Katungu amekaa pembeni ya kitanda changu, tukasikia kilio kutoka getini, jina langu likiitwa na kusifiwa (sikujua kama Kavira ananipenda namna ile). Akaingia amenyoa kichwa. Nywele za kilio cha Kambale zilikuwa zimeanza kuota, sasa amezinyoa tena kwa ajili yangu, na mimi nimekaa kitandani nashika kikombe cha maji. Kilio kikakatika. Akaja akanishika mguu, akaufinya, akakuta una moto wa mtu hai. Halafu akageuka.

"Mama, ulimaliza Kambale. Sasa unataka na huyu?"

Lile wazo tulilolificha miezi minne sasa lilikuwa limekaa katikati ya vitanda kumi na viwili. Mama Katungu alikuwa anafunga na kufungua pindo la kitenge chake. Docta akaingia na Papa Infirmier kuuliza ni kelele gani, na Kavira akamwambia, alikula kwake, docta, siku ya Mungu, camion nzima inajua.

"Siku ya Mungu?" docta akauliza. "Saa ngapi?"

"Jua ikianza kushuka," akasema Mama Katungu. "Sahani mbili ya maharagi. Aliomba ya pili yeye mwenyewe."

Docta akanitazama. Nilikuwa na mama mkwe wa kaka yangu upande mmoja, mtu ambaye mbele yake sipaswi hata kutaja tumbo, na upande mwingine dada asiye na nywele, na yule askari wa mkono amekaa kitandani mwake anasikiliza kama yuko misani. Nikaona nikinyamaza tena, kesho nitapasuliwa, na huyu mama ataitwa mwuaji mpaka kufa kwake.

"Nilikula, docta," nikasema. "Nilikula kwa sababu nilikuwa nawaza mama huyu aliua kaka yangu. Niliogopa ajue ninawaza vile. Njo maana nilikula mingi."

Docta alitoka mbio. Akarudi na picha, akaziinua kwenye dirisha, na Papa Infirmier akasogea, akavaa miwani, akaanza kutikisika mabega. "Docta, ni madesu," akasema. "Ni maharagi, angalia, moja moja." Chumba kikaanza kucheka, askari akacheka mpaka akashika mkono wake kwa maumivu. Docta peke yake hakucheka. Alifuta jasho usoni akasema kwa sauti ndogo, "Kesho ningefungua mutu juu ya maharagi."

Mama Katungu akaninyooshea mkono, akaweka juu ya wangu. "Na miye," akasema, "nilikupikia mingi kwa sababu nilijua unawaza vile."

Basi nikakunywa mafuta tena. Safari hii Mama Katungu alikaa upande mmoja wa mlango na Kavira upande mwingine, hawasemezani, lakini mtu aliyeniletea ndizi walimrudisha wote wawili kwa pamoja. Alhamisi moteri ikawashwa, nikafunga kama nilivyoamriwa, mrija haukuruka, na picha ikatoka nyeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho bila doa. Docta akanipima pia kwa kidole, akasema damu ni ya bawasiri, nitumie dawa ya kupaka na nikunywe maji ya kutosha. Niliketi kwenye ngazi za hospitali, nikawa nacheka peke yangu.

Mama Katungu ndiye aliyerudi kumwuliza docta kama picha inaweza kuonyesha sumu. Docta akamwuliza yote kuhusu Kambale, pole pole, damu, kuvimba, kukonda. Akasema hawezi kuapa kwa mtu ambaye hakumwona. "Lakini ile ugonjwa, mama, haitokake kwa sahani ya mutu. Inaota ndani mwaka, pengine miaka, kabla mwenyewe asikie."

Kavira alikuwa amesimama hapo, alisikia kila neno. Akavua kitambaa alichofunikia kichwa chake kilichonyolewa, akamfunika nacho mama yule mabegani, wakaanza kumlilia Kambale pamoja, na mimi nikajiunga nao, mara ya kwanza tangu maziko kumlilia kaka bila kumtafuta mwuaji.

Tangu siku ile docta akiniuliza kama nimekula, najibu kile alichouliza, hata kama ni karanga moja. Na mtu nikimwaza vibaya, siendi kumalizia mawazo yangu kwenye sufuria yake. Nakwenda kwake asubuhi, nakaa, namwuliza.