Marehemu Alibonyeza Moja

Ukimuuliza jirani yangu Mama Hosiana nani alimrudishia maksai wake, hatataja sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Atakwambia ni Mzee Marcel.

Mzee Marcel tulimzika msimu wa kuvuna pamba.

Anasema marehemu alipokea simu huko huko aliko, akabonyeza moja, na wezi wakakamatwa mchana kweupe. Hapa Samuye wote wanaitikia.

Mimi nilikuwepo. Ngojeni niwaambie.

Nina banda la kuchajia simu kwa sola, ndiyo kazi iliyonipokea baada ya darasa la saba. Gregory, kijana wetu aliyesomea kompyuta Mwanza, alikuwa anachomeka mashine yake kwangu. Hapo ndipo alipoandika yowe la sungusungu kwa JavaScript, lugha ya kompyuta.

Zamani ukiibiwa ulipuliza filimbi tu. Sasa unapiga namba ya Gregory, unasema mifugo imeelekea wapi, na kompyuta inampigia kila mwanasungusungu. Akipokea, anabonyeza moja, maana yake nimetoka.

Gregory alisema hakuanzia sifuri. Alichukua maktaba, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, akaendeleza.

"Ukitangaza tukio, kila msikilizaji anaahidi kurudisha jibu. Haliendi mbele mpaka wote wamejibu."

Kamanda Doto wa sungusungu alifurahi mno. Ndivyo alivyotaka: asiwepo wa kusikia njia ya wezi kabla wote hawajatoka, maana mwizi hakosi shemeji humu humu.

Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi moja maksai wa Mama Hosiana wakatoweka malishoni. Hana wengine, na jembe la mkono halimalizi shamba lile. Alipiga simu huku anakimbia, akataja njia, simu yake ikazima.

Wanaume wakajaa mbele ya banda langu, fimbo mkononi, macho kwenye simu.

Wakasubiri.

"Kuna mmoja hajajibu," Gregory akasema. "Inampigia tena na tena."

"Nani huyo? Atatoa mbuzi wa faini," akasema Kamanda.

Gregory akasoma kioo, sauti ikashuka. "Mzee Marcel."

Kofia zikavuliwa.

Gregory akasema anaweza kumtoa, ni kufuta mstari tu. Kamanda akamkazia macho.

"Mzee aliyeanzisha sungusungu hapa, umfukuze wewe? Hilo lina kikao chake."

Na kikao kikaanza. Sitanii. Maksai wanakwenda, wanaume wanapeana nafasi ya kuongea.

Hakuna aliyeona kilichokuwa kinatetemeka kwenye rafu yangu.

Mzee Marcel aliniachia kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, nikichaji, asubuhi ile ile aliyoanguka. Kwao waliamini kimezikwa naye, mfukoni mwa koti. Nilingoja waje kuulizia, hawakuja. Nikaendelea kukichaji. Simu ya mteja haikai bila moto.

Nikapeleka mkono nyuma. Nikapokea, nikabonyeza moja.

Simu zote zikaita kwa mpigo. Sauti ya Mama Hosiana ikatoka ikihema: "Wamepita korongoni, wanashika njia ya Isaka."

"Amejibu," Gregory akasema, akakaa chini.

Wengine walitimua mbio. Sijui walikuwa wanawafukuza wezi au wanamkimbia marehemu. Maksai walirudi kabla ugali haujaiva.

Sasa namba ya mzee haiguswi. Kamanda anasema yuko kazini. Hakuna anayejiuliza nani anamchajia huko.

Nilichopata mimi ni hiki: ukitengeneza kitu cha kusubiri watu wote, hakikisha kwanza wote bado wapo. Na simu isiyo na mwenyewe irudishe mapema, kabla haijapewa cheo.

Mimi nimechelewa.

Jana alikuja Bibi Paskazia, mjane wa mzee. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi. Hakuwa na simu ya kuchaji.

"Mayu, mama yangu, wewe unajua mambo ya simu. Mimi nampigia kila jioni tangu tumzike. Inaita tu. Niulizie. Maksai wa jirani amewajibia. Mimi mkewe, mbona hanijibu?"

Kila jioni nilikuwa nakiona kitochi kikitetemeka, kimeandika *Nyumbani*.

Nikageuka, nikaanza kupanga waya zilizokwisha kupangwa.